Pikapu Inayozimika Njiani: Muulizeni Dereva Kabla ya Kuifungua Pampu

Hotuba kwa vijana wanaojifunza umakanika na kwa madereva wa pikapu, Changamwe, Mombasa

Wazee wangu, mafundi wenzangu, madereva, na nyinyi vijana mliofunga masanduku ya spana mapema ili mfike hapa, asalaam aleikum, na kwa wasioitumia salamu hiyo nasema hamjambo. Nimetakiwa nizungumzie ugonjwa mmoja tu, nami sitatoka nje yake: pikapu ya zamani ya dizeli inayozimika yenyewe njiani, leo Kibarani, kesho juu ya daraja la Nyali, na ambayo kila ikifikishwa gereji inanguruma vizuri kana kwamba haijapata kuugua.

Sizungumzii magari mapya yanayoongozwa na kompyuta, kwa sababu hayo yana mashine zake za kuyapima na wataalamu wake. Nazungumzia Hilux zenye injini ya 2L au 3L, Isuzu zenye 4JA1, Nissan zenye TD27 na wenzao wa rika hilo, ambazo pampu yake ya dizeli huzungushwa na injini yenyewe na huhitaji waya mmoja tu wa umeme ili injini iendelee kuwaka. Hizi ndizo zinazofikisha nyanya na maembe Kongowea kabla ya jua kuchomoza, ndizo zinazoleta samaki kutoka Shimoni na mawe kutoka Mazeras. Pikapu moja ya namna hii ikilala gereji wiki nzima, kuna nyumba ambayo wiki hiyo inakula kwa mkopo.

Kwa hiyo niseme mapema linaloniuma. Tumezoea, sisi mafundi, gari likizimika mara mbili kuihukumu pampu. Tunaifungua, tunaipeleka kwa watu wa pampu, inarudi imebadilishwa mipira na kupakwa rangi, mwenye gari analipa fedha ambazo pengine ameuza mbuzi ili azipate, kisha siku ya tatu gari linazimika pale pale lilipozimikia. Pampu ndicho kitu cha gharama kubwa kuliko vyote katika njia ya mafuta, na mara nyingi ndicho kisicho na hatia. Nimekuja kuwaomba muiweke mwisho wa foleni.

Ili mkubaliane nami, kumbukeni jinsi injini hii inavyofanya kazi. Rudolf Diesel, aliyeifanya injini yake ikafanikiwa kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, hakuweka cheche ndani yake. Hewa inabanwa na pistoni mpaka inakuwa na joto kali, na katika injini kama 2L hewa hiyo inabanwa hadi kufikia kama sehemu 1 kati ya 22 za nafasi iliyokuwa nayo, ndipo dizeli inaponyunyizwa na kuwaka yenyewe. Basi injini ikishawaka na kupata moto, haidai plagi, haidai koili, na hata zile hita za kuwashia asubuhi hazina kazi tena. Inachodai ni hewa na dizeli. Hewa haipotei ghafla. Filta ya hewa ikiziba injini huanza kwa kutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu muda mrefu kabla ya kuzimika. Kwa hiyo pikapu inapozimika njiani, mara nyingi swali linabaki moja: ni nini kilichozuia dizeli isifike kwenye nozo, yaani vile vipua vinavyoinyunyiza ndani ya injini?

Na swali hilo halijibiwi kwanza na spana. Linajibiwa kwanza na dereva. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na katika ugonjwa huu kuuliza ni nusu ya kazi, kwa sababu fundi hakuwepo gari lilipozimika, na dereva alikuwepo. Mketisheni, mpeni maji, mumuulize taratibu. Ilizimika kama mtu aliyezima taa, kwa mkupuo mmoja, au ilianza kukatakata, ikapoteza nguvu, ikalegea mpaka ikafa? Ilikuwa na mzigo? Ilikuwa inapanda au imesimama kwenye foleni? Injini ilikuwa ya moto au ndiyo kwanza inatoka nyumbani? Mafuta tangini yalikuwa mengi au kidogo? Ilipowashwa tena iliwaka papo hapo, au ilibidi kungoja dakika kumi, au ilibidi kupampu kwa mkono? Nani aliligusa gari mara ya mwisho, na aligusa nini? Nawasihi msimkatize hata akianza na habari za mzigo na bei ya nyanya, kwa maana mara nyingi jibu limo katikati ya hayo mnayoyaona maneno ya ziada.

Gari linalozimika kwa mkupuo mmoja, bila kukohoa, tena likawaka mara ufunguo unapozungushwa upya, hilo kwanza lishukuni upande wa umeme. Juu ya pampu pana solenoidi ndogo ya kukata mafuta, yenye waya mmoja uliofungwa kwa nati ndogo. Ufunguo ukiwashwa, umeme wa volti 12 unaivuta na mlango wa dizeli unafunguka. Umeme ukikatika, hata kwa muda mfupi mno, springi inaurudisha mlango huo na injini inazima. Hivyo ndivyo gari linavyozimwa kila siku kwa ufunguo. Sasa fikirieni waya huo umepitia wapi kabla ya kufika pampuni: umetoka betri, ukapita swichi ya ufunguo, ukapita fyuzi, na katika magari mengi ya mji huu ukakatwa na kuunganishwa upya na mtu aliyeweka alamu au kifaa cha kufuatilia gari. Kiungo kimoja kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, katika hewa yetu hii yenye chumvi ya bahari, baada ya mwaka kinakuwa na kutu ya kijani kibichi, na gari likipita juu ya tuta kinaachia na kushika tena. Mwenye gari ataambiwa pampu imekufa, na kumbe ni waya wenye urefu wa kidole.

Jaribio lake halina gharama. Zima injini, kisha mwombe mtu awashe ufunguo bila kupiga stata, nawe usikilize karibu na pampu: lazima usikie mlio mdogo wa "ta". Usiposikia, pima kama waya una moto, yaani kama umeme unafika. Lakini ugonjwa wa kuja na kuondoka haupatikani gari likiwa limetulia, na hapo ndipo ninapowapa njia ambayo imenisaidia kuliko mashine yoyote. Chukueni balbu ndogo ya volti 12, muiunge waya mrefu kutoka kwenye nati ya solenoidi hadi ndani, muifunge juu ya dashibodi, upande wake wa pili ukienda kwenye ardhi ya gari, yaani chuma cha mwili wake, kisha mumpe dereva gari lake aende nalo kazini. Mwambieni aiangalie. Gari likizimika na balbu ikazimika nayo, au ikipepesa kila linapokatakata, ugonjwa uko kati ya betri na solenoidi, na mtaufuata kiungo kwa kiungo mpaka muupate. Gari likizimika na balbu ikiwa inawaka vilevile, waya hauna kosa, na inabaki solenoidi yenyewe kwa ndani au njia ya mafuta. Msisahau pia kwamba solenoidi inapata ardhi yake kupitia mwili wa pampu na injini. Mkanda wa ardhi kati ya injini na chesisi ukila kutu, mtahangaika na waya wa moto bure.

Wapo wanaopitisha waya mpya moja kwa moja kutoka betri hadi solenoidi na kumrudishia mwenye gari. Kama jaribio la barabarani ni jema, na limewafikisha wengi nyumbani. Kama matengenezo ni hatari, kwa sababu tangu hapo ufunguo hauizimi injini, na siku ya ajali au moto hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuung'oa waya huo.

Sasa tuje kwenye gari linalokufa polepole, linalokatakata na kupoteza nguvu kwanza. Hapa umeme si mshukiwa wa kwanza. Hapa dizeli inakuja kidogo, au inakuja na hewa, au inakuja na maji. Na hapa kuna jaribio moja ambalo natamani kila kijana aliye mbele yangu alifanye kabla ya jingine lolote. Tafuteni dumu safi la lita 5, mlijaze dizeli safi, mlifunge vizuri mahali pa juu ndani ya boneti au nyuma ya kioo cha mbele, mbali na ekzosi. Kutoka dumuni toeni mpira unaoonekana kwa ndani, mpya, uliobanwa kwa klipu, hadi kwenye tundu la pampu la kuingizia mafuta, mkilipita tangi la gari, mabomba yake yote na filta yake. Kwa kuwa filta imerukwa, dizeli hiyo lazima iwe imechujwa, na safari iwe fupi. Na yale mafuta yanayorejea kutoka pampuni yarudisheni dumuni, si tangini, la sivyo dumu litaisha mkiwa njiani. Kisha liendesheni gari, na kama lilikuwa linazimika kwenye mwinuko wa kutoka Miritini kuelekea Mazeras, lipelekeni huko huko, na mzigo ule ule.

Gari lisipozimika, pampu imejitetea yenyewe mbele yenu, na ugonjwa uko nyuma yake. Likizimika vilevile, mmekwisha kuondoa nusu ya gari katika orodha ya washukiwa kwa saa moja na dumu moja. Mimi sijui jaribio jingine linaloheshimu fedha za mwenye gari namna hii.

Tuseme halikuzimika. Rudisheni filta, na sehemu ya mpira unaoonekana muiache kati ya filta na pampu, muwashe injini na kuangalia. Mkiona viputo vya hewa vinapita, kuna mahali panapovuta hewa. Hili huwachanganya vijana wengi, kwa sababu wanatafuta mahali panapovuja na hawaoni tone. Elewa kwamba katika magari haya pampu inavuta mafuta kutoka tangini, haisukumiwi. Injini ikiwa inawaka, ndani ya bomba hilo mna mvuto, na ufa mdogo haumwagi dizeli nje bali unaingiza hewa ndani. Ndiyo maana gari la namna hii asubuhi ni gumu kuwaka: usiku hewa imeingia na dizeli imerudi tangini, na kile kipampu cha mkono kilicho juu ya filta unakikuta kimelegea, wakati jana ulikiacha kigumu. Angalieni vipande vya mpira vinavyounganisha mabomba ya chuma, hasa karibu na tangi ambako hakuna anayetaka kulala chini. Angalieni mabomba yenyewe yanapopita chini ya chesisi, kwa kuwa gari lililoishi Pwani miaka 25 linaoza kutoka chini. Angalieni mpira wa duara wa filta mpya iliyofungwa juzi. Na kipampu cha mkono chenyewe, kile cha kubonyeza, ndani yake mna ngozi nyembamba ya mpira ambayo ikipasuka inavuta hewa bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Nimekuta hivyo mara nyingi mno kiasi kwamba siku hizi nakishuku kabla ya filta.

Kama hakuna viputo lakini mafuta yanakuja kwa unyonge, basi kuna kizuizi. Filta iliyoziba kila mtu anaijua, na kuibadilisha ni rahisi, kwa hiyo sitaipa muda. Nitawapa muda kwenye tangi, kwa sababu tangi ndilo lililonifundisha.

Nilikuwa bado kijana katika kazi hii nilipoletewa pikapu na mzee mmoja aliyekuwa akileta nazi kutoka upande wa Msambweni. Gari lake lilikuwa linazimika, hasa linapopanda kutoka ndani ya feri ya Likoni, na mnajua aibu na hatari ya kuzimika pale, watu mamia wakiwa nyuma yako na magari yakipiga honi. Ukingoja dakika kumi linawaka. Sikumuuliza chochote zaidi. Nilishusha pampu, ikatengenezwa, nikaifunga, mzee akalipa. Baada ya siku chache alirudi, na hakunitukana. Alikaa tu juu ya jiwe nje ya gereji akaniangalia. Fundi mkubwa wangu ndiye aliyemuuliza: "Baba, na ile dakika kumi unayongoja, huwa unasikia nini?" Mzee akasema hasikii kitu, ila gari huzimika zaidi mafuta yakiwa nusu au chini ya nusu. Tangi likashushwa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mfuko wa plastiki, kilichotumika zamani kuzibia mdomo wa tangi kifuniko kilipopotea, kikadumbukia. Pampu ikivuta kwa nguvu, kipande kilifuata mkondo na kulala juu ya mdomo wa bomba la kunyonya. Injini ikifa, mvuto unaisha, kipande kinaachia na kuelea zake. Ndiyo maana dakika kumi zilikuwa dawa. Fedha za mzee yule sikuwa na uwezo wa kumrudishia wakati ule, na jambo hilo bado ninalibeba. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini matangi ya magari yetu ni ya zamani kuliko marufuku hiyo, na ndani yake mna vingi.

Kifuniko chenyewe pia kinazimisha gari. Tangi linahitaji kupumua: kila lita inayotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa, na katika magari mengi ya rika hili hewa hiyo inaingia kwa kitundu kidogo kwenye kifuniko au kwa bomba jembamba la pembeni. Kifuniko cha asili kikipotea, kikawekwa cha gari jingine kisicho na tundu, au mavu wakajenga kwa udongo kwenye bomba la kupumulia, gari litakwenda vizuri kilomita 20 au 30 kisha litaanza kulegea. Dereva mwangalifu atawaambia kwamba akifungua kifuniko anasikia "fyuu" kama soda. Maneno hayo yakitamkwa, kazi imekwisha.

Maji nayo yana habari yake katika mji huu. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, na tangi likiachwa nusu tupu usiku kucha, unyevu ulio ndani unageuka matone ubavuni na kuteremka chini. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, lita moja ikiwa na uzito wa kama gramu 840 hivi, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa, pale pale bomba la kunyonya linapochotea. Chini ya filta pana skrubu ya kumwagia maji. Ifungueni kila wiki wakati wa masika, mpokee kwenye chupa ya kioo, muache itulie usiku mmoja, na asubuhi mtaona mstari kati ya maji na dizeli, na chini ya mstari huo utelezi mweusi wa vijidudu vinavyostawi pale vinapokutana. Dereva anayejaza tangi jioni badala ya asubuhi anapunguza sana tatizo hili.

Kisha yapo mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Uovu huu ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Wenye magari wengine huchanganya wenyewe wakidhani wanaokoa fedha. Pampu hizi hazina oili yake. Dizeli inayopita ndani ndiyo inayozilainisha, na mafuta ya taa ni membamba, hayana utelezi unaotosha. Kwa hiyo pampu inaliwa kwa ndani taratibu, na siku ikichoka hapo kweli ni pampu, lakini chanzo chake kilikuwa kituoni au dumuni.

Nimefika sasa kwenye pampu, kwa kuwa sikusema haifi. Ishara yake iliyo wazi kuliko zote ni joto. Gari linakwenda vizuri likiwa baridi, likipata moto kamili linazimika, hasa likisimama kwenye foleni, na haliwaki tena mpaka lipoe nusu saa au zaidi. Ndani ya pampu mna vyuma vinavyozunguka vikiwa na nafasi ya sehemu chache tu za elfu za milimita moja kati yake. Vikiliwa, dizeli ya baridi iliyo nzito bado inajaza pengo, lakini dizeli ya moto inakuwa nyembamba na kupenya nyuma badala ya kwenda kwenye nozo. Kuthibitisha, loweka kitambaa kwenye maji, kikamue, kivike kichwa cha pampu dakika chache kisha piga stata. Likiwaka, pampu imekiri. Tafadhali msimwage ndoo ya maji baridi juu ya pampu ya moto kama nilivyoona wakifanya, kwa maana chuma kinachosinyaa ghafla kinaweza kukamata kile kilicho ndani yake na kuivunja.

Hata hapo, kabla hamjaishusha, angalieni mambo mawili. La kwanza ni boliti ya njia ya marejeo, ambayo kichwani imeandikwa OUT. Ina kitundu chembamba ndani yake kinachohifadhi msukumo wa dizeli ndani ya pampu. Fundi akiichanganya na boliti ya kuingizia, ambayo inafanana nayo, msukumo unavurugika na gari halitatulia kamwe. Hapa ndipo lile swali la nani aliligusa gari mara ya mwisho linapolipa. La pili ni mipira ya pampu. Tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa Kenya inatakiwa iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, jambo jema sana kwa mapafu yetu. Lakini mafuta yanapobadilika namna hiyo, mipira iliyozeeka katika mafuta ya zamani husinyaa. Marekani ilipopunguza salfa mwaka 1993, pampu nyingi za zamani zilianza kuvuja huko. Mpira wa pampu uliosinyaa huvuja gari likiwa linakwenda na huingiza hewa likiwa limelala, na kuubadilisha ni kazi ndogo ukilinganisha na pampu nzima.

Kuhusu gari linalozimika tu mguu unapotoka kwenye akselereta, nitasema kidogo. Injini hizi zinapaswa kuzunguka kati ya mara 700 na 850 hivi kwa dakika gari likiwa limesimama, na wepesi wa kuikaza ile skrubu ya pampuni inayopanga mzunguko huo ili upande ni kishawishi kikubwa. Skrubu haikulegea yenyewe. Ikiwa gari lilikuwa linatulia mwezi jana na leo halitulii, tafuteni hewa na filta kwanza. Mkikaza skrubu mmeuficha ugonjwa, na utarudi ukiwa mkubwa zaidi. Na ikizimika kwa kishindo, stata ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, msiendelee kupiga stata: katika Hilux za 2L na 3L huenda mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha vali kwa wakati wake na unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, umekatika, na kila mzunguko wa ziada unaweza kupinda vali.

Jambo la mwisho nawaambia madereva. Injini ya dizeli haina mvuto wake wa hewa wa kusaidia breki kama ya petroli. Katika nyingi ya pikapu hizi kuna pampu ndogo ya mvuto nyuma ya altaneta, ile inayochaji betri, na injini ikizimika pampu hiyo inasimama. Inabaki akiba ya kukanyaga breki mara moja au mbili, kisha pedeli inakuwa ngumu kama ukuta, na usukani wenye pawa unakuwa mzito vilevile. Kwa hiyo likizimika mteremkoni Mazeras, usikanyage na kuachia breki kwa kubahatisha. Kanyaga mara moja kwa nguvu, ushikilie, usizungushe ufunguo mpaka ukafunga usukani, uelekee kando ukiwa kwenye gia. Na nyinyi vijana mnaotoa hewa kwenye nozo, msiweke mkono mbele ya dizeli inayorushwa, kwa sababu inatoka kwa msukumo zaidi ya mara 100 ya ule wa hewa tunayoivuta, inapenya ngozi, na kidonda chake kidogo ni cha kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Nje ya ukumbi huu pana pikapu iliyozimika mara tatu tangu Jumatatu, na mwenyewe amekubali kuisubirisha mpaka nimalize. Dumu lipo, mpira upo, balbu ipo. Tutoke sote, lakini spana zibaki ndani kwanza. Mmoja wenu aanze kwa kumsalimia na kumuuliza ilizimikaje.